Mbeleko kwa mzazi mwenye umbo dogo: kupima, kuchagua na kukaza

Maandishi ya kwenye boksi la kibebeo cha mtoto karibu yote ni habari za mtoto: kilo 3.5 hadi 15, miezi 0 hadi 36. Mbebaji hatajwi. Ndiyo maana mama wa sentimita 150, au baba mwembamba anayevaa shati la saizi ndogo, hununua kibebeo kizuri, akavuta mikanda yote mpaka mwisho, na bado mtoto ananing'inia mbele yake kama kibuyu kwenye kamba. Robo saa haijaisha, kiuno kinamuuma. Lawama anatupiwa mtoto: kazidi uzito huyu. Mara nyingi mtoto hajazidi chochote. Kilichozidi ni sponji ya mkanda.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si "kinabeba kilo ngapi?" Muulize: kikikazwa mpaka mwisho, kinabaki na urefu gani? Vibebeo vingi vinaweza kumbeba mtoto wa kilo 15. Vinavyoweza kupungua mpaka vikaushika mwili mdogo ni vichache.

Sababu yake anaijua kila aliyechota maji. Ndoo ya lita 10 ukiikumbatia kifuani utatembea nayo. Ndoo hiyohiyo ukiinyooshea mikono, hatua 10 hufiki. Uzito haujabadilika, ila umekaa mbali na mwili. Mtoto wa kilo 7 aliyeshikamana na kifua chako ni mwepesi kuliko wa kilo 5 aliyeachana nacho kwa upana wa kiganja.

Hatua ya kwanza: jipime

Chukua futi kamba ya fundi cherehani, au kamba yoyote halafu uilaze kwenye rula. Vaa nguo nyepesi. Unahitaji vipimo vitatu, na cha kwanza ndicho watu wengi hawakijui.

Kipimo cha bega. Weka ncha ya kamba kwenye mtulinga, ule mfupa ulio chini ya shingo kwa mbele. Ipitishe juu ya bega, ishushe mgongoni, kisha ipitishe chini ya kwapa la upande huohuo mpaka ubavuni. Andika namba. Rudia, lakini safari hii, ikishavuka bega, ivushe mgongo kwa mshazari mpaka ubavu wa upande wa pili. Andika tena. Namba ya kwanza ni njia ya mkanda unaovaliwa kama begi la shule. Ya pili ni njia ya mikanda inayopishana mgongoni. Ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza kwa sentimita kadhaa, na tofauti hiyo itakusaidia baadaye.

Kipimo cha kiuno. Kipime mahali pawili: juu kidogo ya kitovu, na kwenye mifupa ya nyonga. Usipime pale unapofungia sketi ukadhani inatosha.

Kipimo cha kiwiliwili. Inamisha kichwa, nyuma ya shingo kuna kifupa kinachochomoza. Mtu akupimie kutoka hapo, akifuata uti wa mgongo, mpaka usawa wa juu ya mifupa ya nyonga. Ukipata chini ya sentimita 42 hivi, kiwiliwili chako ni kifupi, hata kama miguu ni mirefu. Wapo watu wa sentimita 165 wenye kiwiliwili kifupi, na matatizo yao ni haya haya.

Hatua ya pili: chagua aina

Tuanze na kilichopo kabatini. Kanga, au leso kama wasemavyo Mombasa, ina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa 110. Kwa mama mnene urefu huo ni shida: ncha zinafika kwa tabu. Kwako wewe ni neema. Kama kifua chako ni sentimita 82 na mtoto mgongoni anaongeza 30 hivi, zinabaki karibu 38 za kufungia, yaani 19 kila upande, na hizo zinatosha fundo la mara mbili lenye mikia ya kuonekana.

Tatizo lako liko kwenye upana. Sentimita 110 zikiachwa zote, kitambaa cha chini kinajikusanya kwenye makalio ya mtoto, kinateremka, na kinamvuta mtoto pamoja nacho. Kunja pindo la juu kuelekea ndani sentimita 30 hadi 35 kwa urefu wote wa kanga, ubaki na upana wa 75 hadi 80. Hapo umepata faida mbili: kitambaa kinachotosha kutoka shingo ya mtoto mpaka nyuma ya magoti na kubaki cha kuchomekea chini ya makalio, na pindo la juu lenye tabaka mbili lisilojikunja kamba na kukukata kifuani.

Kanga mpya usiibebee mtoto. Ina dondo, inateleza na fundo lake hulegea kimyakimya. Ifue mara mbili tatu kwanza. Kitenge cha pamba ni kizuri pia, kwa sababu unaweza kukata urefu unaoutaka, mita 1.8 zinamtosha mtu mdogo na kubaki. Kile chepesi cha poliesta kinachong'aa kiache kwa mshono wa gauni.

Namna ya kufunga nayo ina maana kwa mwenye mabega membamba. Kupitisha ncha moja juu ya bega na nyingine chini ya kwapa kunampa mtu mpana raha, lakini kwako ncha ya begani itasogea mpaka shingoni kila baada ya hatua 20. Kama unapenda mtindo huo, tandaza kitambaa kifunike bega lote mpaka kianze kushuka mkononi, na badilisha bega kila unapombeba upya. La sivyo pitisha ncha zote mbili chini ya makwapa na ufunge juu ya matiti. Juu, si katikati: kanga inayokaza katikati ya ziwa la mama anayenyonyesha inaweza kuziba njia ya maziwa na kuleta uvimbe. Ncha za chini zizungushe chini ya makalio ya mtoto na uzifunge mbele, penye nyonga.

Mbeleko ya pete ni kitambaa kimoja chenye pete mbili, kinachovaliwa bega moja. Inamfaa sana mtu mdogo kwa sababu haina saizi ya chini: unavuta tu mpaka imekaa. Tafuta yenye bega la marinda, lisilo na sponji, kwa kuwa sponji pana itazidi bega lako na kuning'inia hewani. Urefu wa mita 1.6 hadi 1.8 unatosha, ikiwa na zaidi ya mita 2 mkia utafika magotini, utaukanyaga kwenye ngazi au utauburuza karibu na jiko. Pete ziwe za alumini nzito zisizo na maungio. Pete za mapazia, au zenye alama ya kuchomelewa, hazifai hata kwa majaribio. Ukianza kuvaa, ziweke juu karibu na bega, maana zikivutwa zinashuka, na mahali pake pa kuishia ni chini kidogo ya mtulinga. Ubaya wa mbeleko hii ni kwamba bega moja linabeba kila kitu. Mtoto akifika kilo 8 au 9, iwe ya safari fupi.

Kitambaa kirefu cha kuzungusha kipo cha aina mbili. Kile kinachovutika kama fulana, kwa kawaida cha mita 5, ni kitamu kwa mtoto mchanga, lakini kuanzia kilo 8 hivi kinalegea, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa tabaka zake tatu ni adhabu. Kile kilichofumwa kisichovutika hudumu zaidi. Saizi inayouzwa kama ya kawaida, namba 6, ni ya mita 4.6, na mtu mdogo anatosheka na namba 5 ya mita 4.2. Sentimita 40 hizo ndizo ambazo zingekuwa zinafagia vumbi la stendi ukijifunga.

Kibebeo cha klipu, kile cha dukani chenye mikanda inayofungwa kwa klipu za plastiki, ndicho kinachonunuliwa sana na ndicho kinachowakosea zaidi watu wadogo, kwa hiyo nimekipa hatua yake hapo chini. Asili yake, kwa taarifa tu, haiko mbali na kanga: nesi Mmarekani Ann Moore aliwaona akina mama wa Togo wakiwabeba watoto mgongoni kwa kitambaa miaka ya 1960, akarudi kwao akatengeneza cha mikanda kilichopata hataza mwaka 1969. Kilichopotea njiani ni ule uwezo wa kanga wa kumkaa kila mtu.

Kuna kimoja cha Kijapani kiitwacho onbuhimo: kina mikanda ya mabega bila mkanda wa kiuno. Kwa kiwiliwili kifupi kinasaidia sana, kwa sababu hakuna kitu kinachogombana na mbavu. Ni cha mgongoni, kwa mtoto anayekaa mwenyewe bila kuegemezwa. Mabega yanabeba uzito wote, kwa hiyo kama una maumivu ya shingo ya siku nyingi, kiache.

Kibebeo chenye kigoda, kile ambacho mtoto anakalia kama rafu iliyofungwa tumboni, mwenye umbo dogo akifikirie mara mbili. Chenyewe kina uzito wa karibu kilo 1 kabla mtoto hajapanda. Kigoda kinahitaji tumbo pana la kukiegemea. Kwenye kiuno chembamba kinainama mbele, mtoto anateleza kuelekea nje, nawe unajipinda nyuma kumfuata. Kinafaa kwa jambo moja: mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayetaka kupanda na kushuka kila dakika tano.

Hatua ya tatu: kibebeo cha klipu, mkononi kabla ya pesa

Nenda dukani na futi kamba na namba zako. Kariakoo au Eastleigh hakuna atakayekukataza kupima. Ukikatazwa, duka la pili liko jirani.

Pima sponji ya mkanda wa bega peke yake, kutoka inaposhonwa kwenye paneli (kile kitambaa kinachomfunika mtoto mgongo na makalio) hadi inapoishia na ule utepe mwembamba kuanza. Linganisha na kipimo chako cha kwanza cha bega. Sponji ikilingana nacho au ikikizidi, mkanda hautakaza hata uuvute kwa meno: kile kibano cha plastiki kinachopitisha utepe kitagonga mwisho wa sponji na kusimama, huku bado kuna nafasi ya ngumi kati yako na mtoto. Unataka sponji iliyo fupi kuliko kipimo chako kwa angalau sentimita 8.

Ikizidi kidogo tu, angalia kama mikanda inaruhusu kupishana mgongoni. Klipu lazima iwe ya kufunguka kabisa kutoka kwenye paneli ili uweze kuihamisha upande wa pili. Hapo unatumia kipimo chako cha pili, na zile sentimita za ziada ndizo zinazomeza sponji iliyozidi. Kupishanisha kunasaidia pia mabega membamba, maana mkanda hauwezi tena kuteleza na kuangukia mkononi.

Mkanda wa kiuno: ufunge, ukaze mpaka mwisho, kisha pima mzunguko wake wa ndani. Vipo visivyoshuka chini ya sentimita 70, na kwa kiuno cha 64 hakuna dawa. Tazama pia ncha mbili za sponji yake. Zikikutana mgongoni kabla mkanda haujakubana, ndiyo mwisho wa habari. Upana wa mkanda uwe sentimita 8 hadi 10. Wenye sentimita 13 na ubao mgumu ndani yake utakuchoma mbavu ukiwa umesimama na mapaja ukiwa umekaa kwenye daladala.

Paneli nayo ipime. Kwa kiwiliwili kifupi, paneli ya urefu wa sentimita 45 na zaidi itakupandia mpaka midomoni, na mtoto mdogo atazama ndani yake usimwone. Iliyo na kamba au vifungo vya kuipunguza urefu na upana ni bora kuliko ile inayouzwa na "kimto cha mtoto mchanga", kwa sababu kimto kinamsukuma mtoto mbele, mbali nawe.

Jambo la mwisho la dukani linasahaulika: mikono yako inafika? Kuna kikanda kifupi kinachounganisha mikanda miwili ya mabega. Ukimbeba mtoto mbele, kikanda hicho kinakuwa nyuma ya mgongo wako. Kifunge na kukifungua mara tatu bila msaada. Kisogeze kwenye reli yake kati ya makombe ya mabega. Kama hukifikii dukani ukiwa huna haraka, hutakifikia mtoto akilia.

Kwa mtumba wa Karume au Gikomba, ongeza ukaguzi huu. Vuta kila mshono unaobeba uzito kwa mikono miwili na utazame kama matundu ya sindano yanafunguka. Kunja plastiki ya klipu: ikionyesha mstari mweupe, imechoka. Sikiliza mlio wa kufunga, klipu nzima hulia "ta!" moja kavu. Na utepe uliofifia rangi kwa jua kuliko kitambaa kingine umeshaishiwa nguvu hata kama haujakatika.

Hatua ya nne: kuvaa na kukaza

Jaribio la kwanza fanya na mfuko wa mchele wa kilo 5 uliofungwa kwenye taulo. Hauna kichwa cha kugonga.

1. Funga mkanda wa kiuno kwanza, ukae mlalo sawasawa mbele na nyuma. Kwa mtoto mchanga upandishe juu ya kitovu. Kwa mtoto wa miezi 7 na kuendelea, mbebaji mwenye kiwiliwili kifupi aushushe mpaka kwenye mifupa ya nyonga, vinginevyo utosi wa mtoto utamziba macho. Kipimo ni hiki: ukiinamisha kichwa kidogo unambusu utosini. Ukilazimika kunyoosha shingo, yuko chini mno. Akikugonga kidevu, yuko juu mno.

2. Mweke mtoto kifuani, mkono mmoja ukimshika mgongo muda wote. Pandisha paneli. Vaa mkanda mmoja wa bega, badilisha mkono, vaa wa pili, funga klipu.

3. Kabla ya kukaza, ingiza mikono chini ya paneli, mshike nyuma ya magoti, na umsogeze makalio kuelekea kwenye kitovu chako, ili akae magoti yakiwa juu kuliko makalio, miguu imetanuka kama herufi M. Hili ndilo linalozilinda nyonga zake. Pia ndilo linalomleta karibu nawe; wengi wanaruka hatua hii kisha wanakaza mikanda kwa nguvu kutafuta kile ambacho msogezo mmoja ungewapa.

4. Kaza kidogokidogo kwa zamu, kulia, kushoto, kulia. Ukivuta upande mmoja mpaka mwisho, paneli inakaa upande. Huku unavuta kwa mkono mmoja, mwingine uinue uzito wa makalio. Usiukaze utepe dhidi ya kilo zote 7.

5. Jiinamishe mbele kidogo ukiwa umemshika mgongo. Kifua chake kikiachana na chako, bado kumelegea.

Kisha mkague mtoto mwenyewe. Uso unaonekana bila kufunua kitu. Pua na mdomo viko wazi. Kati ya kidevu na kifua chake vidole viwili vinapita. Mtoto mchanga kidevu kikilala kifuani njia yake ya hewa inajikunja na hatalia kukutaarifu, kwa hiyo ukaguzi huu ni wa kila mara, hasa chini ya miezi 4. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye uzito chini ya kilo 2.5, au mwenye shida ya kupumua, kliniki wakuelekeze kwanza. Kumbeba ngozi kwa ngozi kwa njia ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978, ni jambo jingine lenye taratibu zake, na manesi wanaifundisha.

Kumgeuza mtoto atazame mbele kusubiri mpaka awe na miezi 5 au 6 na shingo imara, na akisinzia mgeuze. Kwako wewe huo ndio mkao mzito kuliko yote: mgongo wake umekuegemea, lakini mikono, miguu na kichwa vyote vinavuta kwenda mbele. Dakika 15 zinatosha. Kwa mgongoni kwenye kibebeo cha klipu, ngoja akae mwenyewe. Kwenye kanga bibi zetu waliwabeba mapema zaidi, na kitambaa kilifika masikioni kushika kichwa. Lakini bibi alikuwa na mtu nyuma yake wa kumwambia mtoto kalala vipi.

Kwenye bodaboda hapana, mbele wala mgongoni. Kwenye mafuta yanayochemka hapana.

Hatua ya tano: maumivu yanasema nini

Tembea dakika 20 ndani ya nyumba. Panda ngazi, keti, inuka, chutama kwa magoti kuokota kitu. Kisha sikiliza mwili.

Kiuno cha chini kinauma: mtoto yuko chini au mbali. Pandisha, sogeza, kaza. Ukishafanya yote matatu na bado kinauma, rudi kwenye kipimo cha sponji.

Shingo na misuli ya juu ya bega: mikanda imebanana karibu na shingo. Shusha kile kikanda cha mgongoni sentimita 3 hadi 5, au pishanisha mikanda.

Ganzi kwenye vidole: mkanda unabana mbele ya kwapa. Usiivumilie. Huwa inatokea kwa mabega membamba yenye mkanda mpana. Sogeza sponji ikae juu ya bega, si kwenye kona ya mkono.

Mkanda wa kiuno unapanda wenyewe mpaka kwenye mbavu: umelegea, au umeufunga juu ya nguo inayoteleza. Aliyejifungua kwa upasuaji asiulazimishe kukaa juu ya kovu. Wiki za mwanzo vitambaa visivyo na mkanda wa kiuno ni vyema zaidi, na ruhusa ya kubeba aipate kwa daktari.

Mapaja ya mtoto yana alama nyekundu nyuma ya magoti: paneli ni pana mno kwake. Miguu inaning'inia wima: ni nyembamba mno.

Kama hakuna kinachokukaa: fundi cherehani

Kibebeo cha dukani usimpe fundi akifumue. Mishono ya mikanda imepigwa kiwandani kwa uzi na nguvu ambayo cherehani ya mtaani hairudishi. Mpe badala yake kazi mpya: mbeleko ya mikanda ya kufunga kwa fundo, isiyo na klipu, kwa vipimo vyako.

Vitu: mita 3 za kitenge cha pamba chenye upana wa 115, kipande cha jinzi au kanvasi cha kuweka ndani ya paneli, sponji ya unene wa sentimita 1, uzi wa poliesta, sindano namba 16.

Paneli akate vipande viwili vya kitenge na kimoja cha jinzi, kila kimoja sentimita 42 kwa 48. Ikishashonwa itabaki kama 38 kwa 44, ya kumtosha mtoto kuanzia miezi 6 hadi karibu miaka 2. Kwa mdogo zaidi, bana sehemu ya chini kwa utepe ili upana ulingane na kutoka goti hadi goti. Kwa kiwiliwili kifupi sana punguza urefu sentimita 4. Mikanda ya mabega akate 210 kwa 40, aikunje pande mbili, ibaki na upana wa 18 au 19. Mikanda ya kiuno 90 kwa 25. Vyote hivi vinatoka kwenye mita 3 kama fundi atapanga kabla ya kukata.

Sponji ya bega ndiyo uisimamie kwa macho. Fundi ataweka sentimita 50 kwa sababu ndivyo alivyoona kwenye picha. Mwambie 30: kutoka mtulinga, juu ya bega, mpaka chini kidogo ya kombe la bega. Zaidi ya hapo ni kitambaa kitupu, kinachojikunja na kukufuata.

Mikanda ya juu iingie ndani ya kona za paneli sentimita 6 kwa mshazari, ishonwe mraba wenye msalaba ndani yake, na cherehani ipite mara tatu juu ya mstari uleule. Kona za chini vivyo hivyo. Mshono mmoja wa kupita tu, hata uwe mzuri namna gani, kataa.

Kabla ya mtoto, itundike ikiwa na kilo 15 za mchele kwa saa nzima, itikise, kisha igeuze utazame matundu ya sindano. Yakiwa yamefunguka kama macho, irudi kwa fundi.

Ukiivaa, pishanisha mikanda mgongoni, ilete mbele chini ya makalio ya mtoto, ipishane tena na ifungwe nyuma au ubavuni.

Na kama kibebeo ni kimoja na nyumbani kuna wabebaji wawili, mmoja wa sentimita 152 na mwingine wa 180, kinunuliwe kwa vipimo vya mfupi, mrefu atakirefusha. Shona nukta ya uzi mwekundu kwenye utepe mahali pako na ya bluu mahali pake, mabegani na kiunoni, ili anayekipokea asubuhi akivute moja kwa moja mpaka kwenye rangi yake huku mtoto akiwa bado kitandani.